Vazi linapogeuka mhusika: Usimulizi katika matangazo ya mitindo na video za nyimbo

KIJANA aliyevaa miwani ya jua anaingia katika duka la mashine za kufulia nguo. Wateja wameketi kimya wakisubiri nguo zao. Kijana hasemi neno. Anamwaga mfuko wa mawe ndani ya mashine moja, anavua fulana, anafungua mshipi, anavua na suruali yake ya jinzi, anavitia vyote humo na kuiwasha. Kisha anaketi baina ya wateja akiwa na kaptura nyeupe ya ndani tu na kuanza kusoma. Wasichana wanacheka chinichini. Wengine wanajifanya hawaoni.

Kisa hicho hakizidi dakika moja, na ni miongoni mwa visa vilivyobadilisha namna nguo zinavyouzwa duniani. Tangazo hilo, lililojulikana kwa jina "Laundrette", lilibuniwa na shirika la matangazo la Bartle Bogle Hegarty la jijini London kwa niaba ya kampuni ya Levi Strauss, na likaanza kuonyeshwa katika runinga za Uingereza mwishoni mwa mwaka 1985. Kijana huyo alikuwa mwanamitindo Nick Kamen, na mwelekezi alikuwa Roger Lyons.

Kabla ya hapo, matangazo mengi ya mavazi yalikuwa maonyesho tu. Mrembo alipita, akageuka, akatabasamu, na jina la kampuni likaandikwa chini ya picha. Kuonyesha nguo si kusimulia. Usimulizi huanza pale vazi linapotenda jambo, na jambo hilo likawa na matokeo. Njia rahisi ya kupima ni kuliondoa vazi katika kisa na kutazama kinachobaki. Ondoa suruali ya jinzi katika "Laundrette", na hakuna kisa. Kuna watu wanaosubiri mashine imalize kazi yake. Kipimo hichohicho hufaa kwa video za nyimbo, ambazo zimekuwa ndugu wa matangazo ya mitindo kwa zaidi ya miaka 40. Mara nyingi hutengenezwa na waelekezi walewale, wapiga picha walewale na washonaji walewale.

Haja ya kisa ilitokana na biashara. Kufikia katikati ya miaka ya themanini, mauzo ya jinzi za kampuni hiyo barani Ulaya yalikuwa yamedorora, na vijana wengi waliiona suruali hiyo kuwa vazi la baba zao. Watengenezaji wa tangazo hawakujaribu kuificha aibu hiyo ya uzee. Waliirudisha suruali nyuma miaka 30, hadi Marekani ya miaka ya hamsini ya kubuniwa, ambako ilikuwa bado vazi la ujana na uasi. Uzee ukageuzwa kuwa asili.

Wimbo nao ulichaguliwa kwa nia hiyohiyo. Ulikuwa "I Heard It Through the Grapevine", ambao Marvin Gaye aliutamba nao mwaka 1968, ingawa sauti iliyosikika katika tangazo ilikuwa ya waimbaji wengine walioajiriwa kuurekodi upya. Watazamaji walikwenda madukani kuitafuta sahani ya Gaye mwenyewe. Ilipotolewa tena mwaka 1986, ilipanda hadi nafasi ya nane nchini Uingereza. Mwaka huohuo "Wonderful World" ya Sam Cooke, aliyekuwa amefariki tangu 1964, ilifika nafasi ya pili kupitia tangazo jingine la jinzi hizo, na mwaka 1987 "Stand by Me" ya Ben E. King ikashika nafasi ya kwanza kwa njia hiyohiyo. Kamen mwenyewe aliingia studio na kurekodi wimbo ulioandikwa na Madonna pamoja na Stephen Bray. Tangazo la nguo likawa limezaa mwimbaji.

Kuna jambo moja dogo ambalo wanaosoma historia ya mavazi hulipenda. John Hegarty, mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo la matangazo, amesimulia kwamba wakaguzi hawakukubali kijana aonekane na chupi ya kubana mwili. Ndipo akavikwa kaptura pana ya ndani, ile ambayo leo huitwa boksa. Vijana wa Uingereza waliiona, wakaitaka, na vazi lililokuwa la wazee likarudi madukani kwa kishindo. Mkasi wa mkaguzi ulikuwa umeanzisha mtindo.

Hesabu ya sekunde

Anayesimulia ndani ya tangazo anabanwa na saa kuliko msanii mwingine yeyote. Runinga za Kenya, kama zile za Uingereza, zilirithi mfumo wa picha 25 kwa sekunde. Tangazo la sekunde 30, basi, lina picha 750 tu. Ndani yake mtazamaji lazima amjue mhusika, alijue tatizo lake, aone tatizo likitatuliwa na akumbuke bidhaa. Isitoshe, tangazo linalokusudiwa kuvuka mipaka ya nchi haliwezi kutegemea mazungumzo, kwa kuwa kila lugha itadai tafsiri yake. Kwa hivyo nguo hufanya kazi ya maneno. Kiatu kilichochakaa, kola iliyopigwa pasi na gauni lililo kubwa kuliko mwili wa aliyelivaa humweleza mtu kabla hajafungua kinywa. Msomaji wa Pwani hatashangazwa na hilo. Amezaliwa akikuta kanga zenye majina, na anajua kwamba mke mwenza au jirani anaweza kujibiwa kwa nguo bila neno kutamkwa.

Video ya wimbo ina nafasi zaidi, yapata dakika tatu au nne, lakini kikwazo chake ni kingine. Maneno tayari yamo. Mwelekezi anaweza kuyafuata, kuyapuuza au kuyapinga. Kuyafuata ndiko kazi dhaifu zaidi. Mwimbaji akitaja mvua, mvua inanyesha. Akitaja machozi, mtu analia. Na mtazamaji anaambiwa mara mbili alichokwisha kukisikia.

Kuyapinga huzaa matunda zaidi. Katika video ya "Material Girl" ya mwaka 1985, iliyoelekezwa na Mary Lambert, Madonna anaimba sifa za mali huku akiwa amevaa gauni la waridi lililonakiliwa kutoka kwa lile alilolivaa Marilyn Monroe katika filamu Gentlemen Prefer Blondes ya 1953. Hata hivyo, kisa kinachoendelea nje ya jukwaa ni cha mwanamke asiyeshawishika kwa vito, na cha tajiri anayelazimika kujifanya maskini na kumletea maua ya kawaida ili apendwe. Gauni la waridi linasema jambo moja na mwenye kulivaa jingine. Wengi walioliiga gauni hilo hawakuzingatia kwamba ndani ya kisa lilikuwa vazi la kazi tu.

Mbinu nyingine haihusu msuko wa kisa bali mashine. Video za nyimbo hurekodiwa huku wimbo ukichezwa kwa vipaza sauti na mwimbaji akiufuata kwa midomo. Wimbo ukichezwa kwa kasi maradufu, na kamera ikinasa picha 50 kwa sekunde, mwimbaji hulazimika kuimba upesi. Picha hizo zikirudishwa kwenye kasi ya kawaida, midomo hulingana na wimbo ilhali mwili unakwenda polepole. Nguo ndizo hufaidi. Koti huelea, pindo la gauni hupepea kana kwamba liko majini, na kitambaa huonekana kizuri kuliko kilivyo dukani.

Kijifuko cha saa

Pengine hakuna tangazo la mavazi lililopangwa kwa ustadi kuliko "Drugstore" la mwaka 1995, ambalo pia lilikuwa la Levi's. Mwelekezi wake alikuwa Mfaransa Michel Gondry, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amejulikana kwa video za nyimbo, ikiwemo "Human Behaviour" ya Björk ya mwaka 1993. Ni la picha nyeusi na nyeupe, na limewekwa katika mji mdogo wa Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya thelathini. Kijana anaingia katika duka la dawa na kununua mipira ya kondomu. Muuza dawa anamtazama kwa jicho kali. Kijana anakitia kikopo chake katika kijifuko kidogo cha mbele cha jinzi yake na kwenda zake. Jioni anafika kwenye nyumba ya msichana aliyemwalika kutoka naye. Anayefungua mlango ni babake msichana, ambaye ni yule muuza dawa.

Maandishi ya mwisho yanamkumbusha mtazamaji kwamba kijifuko hicho kilishonwa kwa ajili ya saa mwaka 1873, na kwamba tangu hapo watu hawakuacha kukitumia vibaya. Mwaka huo ndio Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipopewa hataza ya kukaza mifuko ya suruali za kazi kwa misumari midogo ya shaba.

Mtu akilitazama tangazo hilo kwa makini ataona kwamba hakuna anayeisifu suruali. Hakuna anayeigusa isipokuwa mara moja tu, pale kikopo kinapoingia mfukoni. Lakini mguso huo mmoja ndio unaobeba kila kitu, kwa kuwa mtazamaji, kijana na baba mtu wote wanajua kilichomo humo mlango unapofunguliwa, na msichana peke yake hajui. Watunzi wa riwaya huiita hali hiyo kinaya, na wengi huhitaji sura nzima kuijenga. Gondry aliijenga kwa mfuko usiotosha vidole viwili. Tangazo hilo liliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa idadi ya tuzo lilizopata. Miaka 10 baadaye, mnamo 2005, mwelekezi huyo alikuwa mmoja wa waliotuzwa Oscar kwa hadithi ya filamu Eternal Sunshine of the Spotless Mind.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imejaribu njia nyingine mwaka 1992 katika "Swimmer", tangazo lililoelekezwa na Tarsem Singh, aliyekuwa ameelekeza video ya "Losing My Religion" ya kundi la R.E.M. mwaka uliotangulia. Kijana aliyevaa jinzi anapita katika nyumba za matajiri akipiga mbizi kutoka bwawa moja hadi jingine. Wazo lilitokana na hadithi fupi ya John Cheever ya mwaka 1964, ambayo iligeuzwa filamu mwaka 1968. Lakini muogeleaji wa Cheever ni mwanamume wa makamo anayefika kwake na kuikuta nyumba imefungwa na tupu. Huzuni hiyo haikuingia katika tangazo. Mabwawa yalibaki, maji yakabaki kwa kuwa jinzi hizo zilisifiwa kwa kusinyaa zikilowa na kushika umbo la mwili, na anguko la mhusika likaachwa. Ni tangazo zuri kwa macho, ila aliyesoma Cheever atahisi kwamba ameuziwa kaka la yai.

Jaketi jekundu na jaketi lililoteketea

Kwa upande wa muziki, kisa kilichopanua mipaka ni "Thriller" ya Michael Jackson, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika kituo cha MTV mnamo Desemba 1983. Jackson alikuwa ameitazama filamu An American Werewolf in London ya 1981, akamtafuta mwelekezi wake, John Landis. Kilichotokea ni filamu fupi ya karibu dakika 14, wakati ambapo video nyingi zilikuwa za dakika tatu au nne. Ina hadithi ndani ya hadithi. Kwanza ni mvulana na msichana wa miaka ya hamsini ambao gari lao limeishiwa petroli; kisha inabainika kwamba hiyo ni filamu inayotazamwa na mvulana na msichana wengine; halafu wawili hao wanatoka ukumbini na kukutana na wafu waliofufuka. Mwishowe msichana anaamka na kudhani ilikuwa ndoto, hadi mvulana anapogeuka na macho yake kuonekana.

Anayewaongoza watazamaji katika msuko huo wenye matabaka ni fundi wa mavazi. Deborah Nadoolman, mkewe Landis, ndiye aliyekuwa amemvika Harrison Ford kofia na jaketi la Indiana Jones katika filamu Raiders of the Lost Ark ya 1981. Kwa Jackson alichagua jaketi jekundu lenye mabega mapana na mistari meusi. Sababu yake ilikuwa ya kazi kabla ya kuwa ya urembo. Kisa kinatokea usiku, barabara ni nyeusi, wafu wamevaa matambara ya kijivu na kahawia, na mcheza ngoma mkuu ana umbo jembamba. Bila rangi hiyo angemezwa na umati wake mwenyewe. Mabega yalimwongezea umbo. Hata anapogeuka kuwa mmoja wa wafu na uso wake kuharibika, jaketi ndilo linalomwambia mtazamaji kwamba bado ni yuleyule. Nchini Marekani video hiyo iliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa, jambo ambalo halikuwa limeifikia video yoyote ya wimbo kabla ya hapo.

Miaka saba baada ya "Thriller", jaketi jingine lilipewa jukumu la kufa. George Michael alikuwa amejijengea sura mwaka 1987 kwa video ya "Faith": jaketi jeusi la ngozi, jinzi, gitaa na mashine ya kuchezea sahani. Kufikia 1990 alikuwa amechoshwa na sura hiyo, na alikataa kuonekana katika video ya "Freedom! '90". Mwelekezi David Fincher akawaweka mahali pake wanamitindo watano, Naomi Campbell, Linda Evangelista, Christy Turlington, Cindy Crawford na Tatjana Patitz, ambao wanauimba wimbo kwa midomo tu. Wakati wa kiitikio, jaketi la ngozi lililotundikwa linashika moto. Gitaa linalipuka, na mashine ya sahani nayo. Mtazamaji ambaye hakuiona "Faith" huona moto tu. Aliyeiona huona mtu akiichoma ngozi yake ya zamani, na huelewa ni kwa nini mwenyewe hayupo.

Tukio hilo liliendelea nje ya runinga. Mnamo Machi 1991, mjini Milan, Gianni Versace alifunga maonyesho yake ya mavazi kwa kuwatoa Campbell, Evangelista, Turlington na Crawford wakiwa wameshikana, wakiuimba wimbo huohuo kwa midomo. Wanahabari wa mitindo wameuhesabu usiku huo kuwa ndio ulioimarisha enzi ya wanamitindo mashuhuri. Ilikuwa mara ya nadra kwa jukwaa la mavazi kunukuu video ya wimbo waziwazi, na watu ukumbini wakaitambua nukuu.

Saa ilipoondolewa

Intaneti iliondoa kikwazo cha sekunde 30, na matokeo yake hayakuwa mema kila mara. Mwaka 2004 nyumba ya mitindo ya Chanel ilimkabidhi Baz Luhrmann filamu fupi ya kuuza manukato yake ya No. 5, akiwemo Nicole Kidman kama mwigizaji nyota anayewakimbia wapiga picha, anaingia katika teksi ya mwandishi maskini, anapendana naye kwa siku chache, kisha anarudi kwenye umaarufu wake. Gauni lilikuwa la Karl Lagerfeld, na gharama iliyotajwa ilikuwa dola milioni 33. Ni kazi ya fahari. Lakini nyota na mwandishi maskini ndio wahusika ambao Luhrmann na Kidman walikuwa wamekwisha kuwaleta katika filamu Moulin Rouge! ya 2001, na gauni lenyewe halina linalolitenda ila kupendeza. Kwa kile kipimo cha mwanzo, liondoe ulivalie jingine, na kisa kitaendelea bila hitilafu.

Tofauti inaonekana katika tangazo la manukato ya Kenzo la mwaka 2016, lililoelekezwa na Spike Jonze. Mwanamke, Margaret Qualley, amevaa gauni refu la kijani kibichi katika karamu rasmi inayochosha. Anatoka ukumbini, machozi yanamlengalenga, kisha uso na viungo vyake vinaanza kumwasi. Anacheza kama aliyepagawa katika korido na ngazi za jumba hilo. Gauni lilishonwa kwa ajili ya kusimama wima na kutabasamu, na kila hatua ya mchezo huo inapigana nalo. Mtazamaji hahitaji kuelezwa anatoroka nini.

Kutoka Makmende hadi ndoto ya mjane

Nchini Kenya, video iliyoonyesha uwezo wa kisa ni "Ha-He" ya kundi la Just A Band, iliyotolewa Machi 2010. Mwelekezi alikuwa Jim Chuchu, aliyekuwa mwanachama wa kundi hilo. Mhusika wake, Makmende, amevaa utepe kichwani na mavazi yanayorejelea filamu za mapigano za miaka ya sabini, na anawaadhibu majambazi peke yake. Jina hilo halikubuniwa studio. Vijana wa Nairobi walikuwa wamelitumia tangu zamani kumkejeli anayejifanya shujaa, na asili yake ni tamko la Clint Eastwood katika filamu Sudden Impact ya 1983, lililotafunwa na vinywa vya watoto wa mitaani hadi likawa jina la mtu.

Siku chache baada ya video kutoka, Wakenya walijaza mitandao kwa vichekesho na picha za Makmende, na vyombo vya habari vya kigeni, ikiwemo CNN, vikaja kuuliza ni nani huyo. Video hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Kenya kusambaa mtandaoni kwa kiwango hicho. Jambo la kuzingatia ni kwamba mhusika alitambulika hata kwa kuchorwa. Utepe, nywele na msimamo vilitosha, na mtu yeyote aliweza kumwigiza. Mavazi ya namna hiyo hayahitaji mbunifu wa Paris. Yeyote aliyewahi kupekua marundo ya mitumba Gikomba anajua kwamba miaka ya sabini bado inauzwa huko.

Miaka mitano baadaye, mnamo 2015, Chuchu alielekeza filamu fupi ya mitindo, To Catch a Dream, iliyotengenezwa na kundi la The Nest Collective ambalo ni mmoja wa waanzilishi wake. Mwigizaji mkuu alikuwa Ajuma Nasenyana, mwanamitindo mzaliwa wa Turkana. Anaigiza mjane anayesumbuliwa na jinamizi linalorudi kila usiku, na anatafuta tiba. Wahusika wanazungumza lugha mbalimbali za Kenya, na wamevaa mavazi na mapambo ya wabunifu wa Kenya.

Uamuzi wa kumfanya mhusika mjane anayeota ulikuwa na faida mbili. Ndoto humruhusu mwelekezi kubadilisha vazi la mhusika wakati wowote bila kutoa maelezo, na kwa hivyo kazi za wabunifu wengi huweza kukaa katika kisa kimoja bila kuonekana kama gwaride. Ujane nao huyapa mavazi uzito, kwa kuwa katika jamii nyingi za hapa nchini anachovaa mfiwa si hiari yake peke yake. Alichofanya Chuchu katika "Ha-He" kwa kejeli, alikifanya hapa kwa huzuni, na katika kazi zote mbili vazi ndilo linalomtambulisha mtu kabla hajasema.

Ni kweli kwamba kazi nyingi zinazotolewa Nairobi bado ni za maonyesho: gari la kukodi, bwawa la hoteli, nguo mpya zenye lebo iliyofichwa ili zirudishwe dukani kesho. Watengenezaji hulaumu uchache wa fedha. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa "Laundrette" ilitokea katika chumba kimoja, na kilichoibeba "Drugstore" kilikuwa kijifuko.

Ukaguzi pia upo. Video ya "Nishike" ya Sauti Sol ya mwaka 2014 ilikataliwa na baadhi ya vituo vya runinga nchini kwa sababu ya miili iliyokuwa haikufunikwa vya kutosha, na ikatazamwa kwa wingi mtandaoni.

Nani anayemiliki kisa

Suala linalowagusa wasanii wachanga zaidi ni la haki. Wimbo ukitumiwa katika tangazo, kuna ruhusa mbili za kuombwa, na wengi huijua moja tu. Ya kwanza ni ya mtunzi wa maneno na lahani. Ya pili ni ya mwenye rekodi, yaani aliyegharamia sauti iliyonaswa. Ndiyo sababu "Laundrette" iliweza kutumia wimbo aliouimba Gaye bila kuitumia sauti ya Gaye. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inatenganisha kazi ya muziki na rekodi ya sauti. Mwanamuziki aliyeuza rekodi yake kwa mkataba asiousoma anaweza kuukuta wimbo wake ukiuza viatu.

Fundi wa nguo ana kinga finyu zaidi. Mchoro wake na nakshi ya kitambaa vinaweza kulindwa kama kazi za sanaa, lakini umbo la vazi lenyewe huhitaji kusajiliwa kama muundo wa viwandani katika Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI. Usajili huo hudumu miaka mitano na unaweza kuhuishwa mara mbili, kila mara kwa miaka mitano. Mafundi wengi wanaoazima koti lao ili livaliwe katika video hawafanyi hivyo, na wiki moja baada ya wimbo kupendwa koti hilo hushonwa na kila cherehani ya mtaa. Jina la fundi aghalabu halimo hata katika maandishi ya mwisho ya video, kwa kuwa vituo vingi havionyeshi maandishi hayo.

Jaketi mojawapo la "Thriller" lilipigwa mnada Marekani mnamo Juni 2011, miaka miwili baada ya kifo cha Jackson, na likauzwa kwa dola milioni 1.8. Sahihi iliyokuwa kwenye bitana yake ilikuwa ya mwimbaji.